Babu Haonekani Kwenye Meli: Ukikwama Kufuatilia Ukoo kwa Saraka na Kumbukumbu za Uhamiaji

Unaandika jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, unaweka mwaka ambao shangazi huutaja kila familia ikikutana, unabofya. Hakuna. Unabadili herufi moja: hakuna. Unafuta mwaka: yanamwagika majina elfu tatu. Ni hapo ambapo wengi hufunga kompyuta na kujitangazia kwamba kumbukumbu ziliungua.

Mara chache ziliungua kweli, na nitafika huko. Mara nyingi zaidi karatasi ipo, ila iliandikwa na mtu ambaye ukoo wako haukumhusu ndewe wala sikio. Karani wa kampuni ya meli alihesabu abiria kwa sababu kampuni ndiyo iliyobeba gharama ya kumrudisha aliyekataliwa. Mchapishaji wa saraka ya jiji, yaani orodha ya wakazi na anwani zao, alitaka kitabu kitakachonunuliwa na wenye maduka na mawakili. Karani wa mahakama alitaka kiapo na ada. Karani wa sensa alitaka kumaliza mtaa kabla ya giza. Kwa hiyo kila dalili iliyo hapa chini naipima kwa swali moja: nani alishika kalamu, na alikuwa akimwandikia nani?

Mifano yangu ni ya Marekani zaidi, kwa kuwa orodha za abiria za huko zimesalia kwa wingi tangu 1820, ilipoanza kutumika sheria iliyowataka manahodha wakabidhi majina ya watu waliowabeba. Uingereza, Ujerumani na Kanada zinaingia pale safari inapopitia huko.

Jina halipo kabisa kwenye orodha za abiria

Kwanza tuiondoe hadithi moja njiani. Familia nyingi husimulia kwamba jina la ukoo lilibadilishwa Ellis Island, kisiwa cha New York walikokaguliwa wahamiaji, na afisa asiyejua lugha yao. Haikuwa hivyo. Orodha ilijazwa na watu wa kampuni ya meli, kwa kawaida kwenye bandari ya kuondokea, na mkaguzi wa Ellis Island aliishika mkononi akihakiki majibu ya abiria. Hakuwa na kazi ya kumpa mtu jina. Tena wakalimani walikuwepo. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, aliwahi kuifanya kazi hiyo hapo hapo kisiwani. Majina yalibadilika baadaye: kiwandani, shuleni, mbele ya jaji, au mhamiaji mwenyewe alipochoka kulitamka mara tatu kila alipojitambulisha.

Basi usitafute jina lililo kwenye kaburi, tafuta lile aliloitwa na mama yake. Joseph wa kwenye jiwe la kaburi, meli ilimjua kama Giuseppe, József au Josef. Wojciech wa Poland mara nyingi aliishia kuitwa Albert au George, na hakuna mashine itakayokubahatishia hilo. Wahungari hutanguliza jina la ukoo, hivyo usishangae majina mawili yakiwa yamebadilishana nafasi. Mwanamke wa Kipolandi ana -ska pale ambapo kaka yake ana -ski.

Na mwanamke wa Kiitalia, hata awe na watoto wanne na mume anayemngoja ng'ambo, mara nyingi alisafiri kwa jina la ukoo la baba yake, huku watoto wakimfuata mistari ya chini yake kwa jina la mume. Hili limewakwamisha wengi kuliko jingine lolote ninalolijua. Wanampata baba, wanakosa mama, wanaanza kutunga hadithi ya mke wa pili. Mtafute mtoto mwenye jina lisilo la kawaida, kisha tazama mstari ulio juu yake.

Halafu kuna kalamu ya pili, ya yule aliyezinakili orodha kuwa faharasa miaka mingi baadaye. Huyu alisoma mwandiko wa mtu mwingine, kwa lugha asiyoijua, mara nyingi kutoka kwenye picha ya maikrofilamu iliyofifia. Herufi kubwa ndizo zinazomponza: S inasomwa L au T, K inakuwa R, I na J hazina mpaka, na katikati ya neno *u* na *n* ni mapacha. Hapa dawa ni kuliacha jina la ukoo tupu. Weka jina la kwanza, umri wa kukisia kwa miaka miwili huku na huku, jinsia, na kijiji kama unakijua, kisha pitia matokeo kwa macho. Inachosha, lakini ndiyo inayofanya kazi.

Wengi hujificha nyuma ya utafutaji wa "majina yanayofanana kwa sauti" wakidhani umemaliza kila kitu. Mfumo uliozoeleka, Soundex, huhifadhi herufi ya kwanza, huziacha irabu pamoja na H, W na Y, kisha huzipa konsonanti zilizobaki namba hadi zitimie tatu. Sasa jaribu Kowalski: K inabaki, W inaachwa, L ni 4, S ni 2, na K inayofuata inamezwa na S kwa kuwa namba yao ni moja. Unapata K420. Karani mwingine akisikia jina hilo hilo na kuandika Kovalsky, V inahesabiwa 1, na jibu ni K142. Mtu mmoja, sauti moja, makabati mawili tofauti. Kwa majina ya Ulaya Mashariki tumia mfumo wa Daitch-Mokotoff, uliotungwa 1985 mahususi kwa tatizo hili, ambao unaziweka W na V kundi moja. Na kama herufi ya kwanza ndiyo iliyoharibika, Soundex haikusaidii hata kidogo.

Jina ni sahihi, lakini bandari nzima haina habari naye

Pengine unamtafuta mlango ambao hakupitia. Ellis Island ilifunguliwa 1 Januari 1892. Aliyefika New York kati ya 1855 na 1890 alipitia Castle Garden, na wa kabla ya hapo alishuka gatini tu akaenda zake. Familia huita kila kitu "Ellis Island" kama vile watu wanavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la aina moja. Boston, Philadelphia, Baltimore, New Orleans na Galveston nazo zilipokea watu kwa maelfu, na Angel Island iliyo ghuba ya San Francisco ilikuwa kituo cha ukaguzi kuanzia 1910 hadi 1940.

Mlango unaosahaulika kuliko yote ni Kanada. Nauli ya kwenda Quebec au Halifax ilikuwa nafuu kwa wengi, kisha wakapanda treni kuelekea kusini. Kuanzia 1895 Marekani iliweka kumbukumbu za wanaovuka mpaka huo, na zinajulikana kwa jina la mji wa St. Albans, Vermont, ingawa zinahusu mpaka mrefu mno kuliko mji huo mdogo. Mtu aliyeingilia upande wa magharibi kabisa anaweza kukutwa humo. Wengi huliona neno Vermont na kupita, kwa sababu babu yao hakuwahi kufika Vermont.

Kwa safari zilizoanzia bara la Ulaya kuna mtego mwingine. Wahamiaji wengi walivuka kutoka Hamburg hadi Hull, mashariki mwa Uingereza, wakapanda treni hadi Liverpool, na huko ndiko walikopanda meli ya Atlantiki. Ukimtafuta kwenye meli iliyotoka Hamburg moja kwa moja hadi New York hutampata, maana hakuipanda. Orodha za Hamburg zimesalia kuanzia 1850 hadi 1934, nazo kwa muda mrefu zilitenganisha waliosafiri moja kwa moja na waliopitia bandari nyingine. Fungua ile ya pili. Kuhusu kipande cha Hull usijisumbue sana: orodha za Uingereza za abiria wanaoingia, za 1878 hadi 1960, zinahusu meli zilizotoka nje ya Ulaya na Mediterania. Aliyetoka Hamburg au Rotterdam hakuandikwa humo. Hili pia ndilo jibu kwa anayeshangaa kwa nini babu yake aliyehamia London kutoka Poland hana meli. Huyo mtafute kwenye faili za uraia na sensa. Orodha za wanaotoka Uingereza kwenda mbali zinaanza 1890 na kuishia 1960.

Mwaka haukubaliani popote

Sensa za Marekani za 1900, 1910, 1920 na 1930 zilimuuliza kila aliyezaliwa nje mwaka aliofika. Ukimfuatilia mtu mmoja utakuta kwanza 1902, miaka kumi baadaye 1905, kisha 1903. Watu hudhani mmoja wa makarani alikosea. Mimi huona hakuna aliyekosea: mlangoni alijibu mke, safari iliyofuata alijibu mpangaji, na mwenyewe alikuwa amekwenda na kurudi mara mbili. Vijana wengi wa kiume walifanya hivyo, wakifanya kazi misimu kadhaa na kurudi kwao kuoa au kununua shamba. Meli uliyoipata yaweza kuwa ya safari ya pili. Soma safu inayouliza kama abiria amewahi kuwa Marekani kabla, lini na wapi. Jibu la "ndiyo" humo ni sawa na kukabidhiwa safari nyingine bure.

Hapa ndipo saraka za jiji zinapolipa. Miji mikubwa ilichapishiwa saraka karibu kila mwaka na kampuni binafsi, ambazo mawakala wake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza jina, kazi na anwani za watu wazima. Sensa inapiga picha moja kila miaka 10, saraka inapiga kila mwaka. Panga miaka kwenye karatasi, weka alama anapoonekana. Akiwa hayupo 1903 wala 1904, halafu 1905 yupo na hatoki tena, umepata dirisha la kutafutia meli.

Ila usilifunge dirisha hilo kwa nguvu. Saraka ya 1905 ilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa, kwa hiyo inachosema ni habari ya jana. Na mgeni wa kwanza kabisa huwa mpangaji kwenye chumba cha watu sita, asiyejua lugha ya anayebisha hodi. Mchapishaji hakupata hasara yoyote kwa kumruka. Miaka miwili ya mwanzo bila kuonekana ni jambo la kawaida, hivyo tafuta meli kuanzia miaka mitatu au minne kabla ya saraka ya kwanza kumtaja.

Saraka ipo, ukurasa unasomeka, lakini utafutaji hauleti kitu

Tazama mstari wenyewe kwa karibu. Ungetegemea kuona John Nowak, kibarua, na nyumba yake. Kilichochapishwa ni kama hiki:

*— Jno lab bds 418 Noble*

Jina la ukoo limetajwa mara moja juu, na waliofuata wamepewa kistari. John ni Jno. Mashine inayotafuta "John Nowak" inapita hapo bila kusimama. Wm ni William, Jas ni James, Chas ni Charles, Geo ni George, Thos ni Thomas. Herufi ndogo *h* mbele ya anwani ni mwenye kaya, *bds* ni anayelala na kula kwa mwingine, *lab* ni kibarua, *clk* ni karani wa duka au ofisi, *wid* ni mjane. Ufunguo wa vifupisho hivi uko kurasa za mwanzo za kila saraka, na unabadilika kwa mchapishaji, kwa hiyo usiukariri, ufungue kila mara.

Ushauri wangu ni kuacha kutafuta na kuanza kusoma. Saraka ilipangwa kwa alfabeti ili isomwe kama kamusi. Nenda ukurasa wa herufi husika, shuka kwa kidole. Angalia pia majina yaliyochelewa, ambayo mara nyingi yaliwekwa mbele au nyuma ya kitabu kwa sababu kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimeanza kazi. Majina yanayoanza na Mc na Mac huenda yamechanganywa pamoja, na St kupangwa kama Saint.

Kukiwa na mwanamke unayemtafuta, jiandae. Kwa miongo mingi mke hakuandikwa kabisa. Mwanamke alipata mstari wake akiwa na kazi au akifiwa na mume, na mjane akaandikwa pamoja na jina la marehemu: *wid Jno*. Hapo umepata mwaka wa kukisia wa kifo cha mume, jambo lenye thamani kama hujui alikufa lini. Lakini wapo waliojiita wajane ilhali mume yu hai mji wa pili na mwanamke mwingine. Wakala wa saraka hakuomba cheti.

Anwani inaruka kila mwaka

Huenda alihama kweli. Wapangaji walihama sana. Ila kabla hujaandika hivyo, hakikisha nyumba yenyewe haikuhama namba. Chicago ilibadili namba za nyumba karibu jiji zima kuanzia 1 Septemba 1909, ikaweka chimbuko la hesabu kwenye makutano ya mitaa ya State na Madison, na eneo la katikati ya jiji likafuata 1911. Familia iliyolala kitanda kile kile 1908 na 1910 inaonekana kwenye saraka kama imehamia mbali. Kuna majedwali ya namba za zamani na mpya, na miji mingine iliyofanya hivyo ina yake.

Namna ya haraka ya kupima: tazama majirani. Saraka nyingi zina sehemu ya pili inayopanga wakazi kwa mtaa na namba ya nyumba. Wakiwepo mwokaji mikate yule yule mlango wa kushoto na fundi viatu yule yule kulia, hakuna aliyehama.

Sehemu hiyo ya mitaa ina faida nyingine. Chukua anwani ya babu, soma kila jina la nyumba ile na za jirani kwa miaka mitano. Majina yatakayojirudia ni watu wa kijiji kimoja, mashemeji, au mashahidi utakaokuja kuwakuta wamesaini ombi lake la uraia. Kwangu mimi saa moja kwenye ukurasa wa mtaa ina maana kuliko siku nzima kwenye kisanduku cha kutafutia.

Watu wawili, jina moja

Kosa hili ni baya kuliko kukosa, kwa sababu linakupa furaha. Limeupata hata ulimwengu mzima. Msichana wa kwanza kuandikishwa Ellis Island siku ilipofunguliwa alikuwa Annie Moore, kutoka Cork, Ireland, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume kwenye meli iitwayo Nevada. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alihamia Texas, na kizazi cha Annie Moore wa Texas kikapewa heshima zote. Mwaka 2006 mtafiti wa koo Megan Smolenyak alionyesha kwamba huyo wa Texas alizaliwa Illinois, ndani ya Marekani. Annie wa meli alibaki New York, akaolewa na mtu wa kazi ya mikate, akafa 1924, na kaburi lake halikuwa hata na jiwe.

Kilichokosekana miaka yote hiyo ni kuuliza sensa ya huyo wa Texas alizaliwa wapi. Swali la dakika tano.

Kwa hiyo ukipata watu wawili, usichague. Wajengee wote wawili maisha. Kila mwaka wa saraka mpe kila mmoja mstari wake: kazi, anwani, mke. Mshona nguo na mchimba makaa hawabadilishani ufundi kila baada ya mwaka mmoja. Wakionekana saraka moja kwenye anwani mbili, umethibitisha kuwa ni wawili, na kilichobaki ni kujua yupi alikuwa na shemeji unayemjua. Yule asiye wako mfuate mpaka ajulikane alikofia, ndipo umwache.

Karatasi ya uraia imepatikana, haisemi kitu

Itazame tarehe. Kabla ya 27 Septemba 1906 mahakama yoyote yenye kuweka kumbukumbu, ya mji, ya kaunti, ya jimbo au ya shirikisho, iliweza kumpa mtu uraia kwa fomu yake yenyewe. Nyingi zina jina, nchi, na mfalme anayekanwa. Kijiji hamna, meli hamna. Karani alitaka kiapo, akakipata. Baada ya tarehe hiyo fomu zikawa za aina moja na nakala ikapelekwa serikali kuu: tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli, bandari, siku ya kufika, mke na watoto. Waliofika kuanzia 29 Juni 1906 walitakiwa pia kuwa na hati ya kuwasili, maana yake kuna mtu aliyekwenda kuikagua orodha ya meli na kumkuta.

Ikiwa hujaipata kabisa, kumbuka zilikuwa hatua mbili: tamko la nia, kisha ombi lenyewe miaka kadhaa baadaye, na si lazima zote zifanyike mji mmoja. Saraka ndiyo inayokuambia mwaka gani alikuwa mji gani, hivyo mahakama ipi uiulize. Sensa nayo ina vifupisho vya herufi mbili mbili vya kukuongoza: *Al* ni mgeni, *Pa* ametoa tamko, *Na* ameshakuwa raia. Ya 1920 iliandika na mwaka wa uraia.

Na bibi? Kabla ya 22 Septemba 1922 mke kwa kawaida alifuata uraia wa mumewe. Hakuwa na faili kwa sababu sheria haikumtaka awe nalo. Si hilo tu: kuanzia 1907 mwanamke mzaliwa wa Marekani aliyeolewa na mgeni aliupoteza uraia wake, kwa hiyo ukikuta mzaliwa wa Ohio anaomba uraia wa Marekani miaka ya 1930, hujakosea kusoma.

Orodha imepatikana, lakini ina nusu ya habari na michoro isiyoeleweka

Nusu nyingine iko picha inayofuata. Orodha ziliongezwa safu kadiri sheria zilivyobadilika, na kuanzia 1907 zilichukua kurasa mbili zinazotazamana, watu 30 kila moja. Faharasa hukupeleka ukurasa wa kushoto. Geuza. Upande wa kulia ndiko kulikoandikwa fedha alizobeba, anakwenda kwa nani na anwani gani, urefu, rangi ya macho, na mahali alipozaliwa. Hata jina na anwani ya ndugu aliyebaki nyumbani, safu iliyoongezwa 1907, wengi huisoma harakaharaka ilhali ndiyo inayotaja kijiji.

Namba zilizoandikwa kwa wino mwingine juu ya safu ya kazi, pengine na tarehe ya 1936 kwenye orodha ya 1910, hazihusu safari. Ni za karani aliyerudi kuhakiki miaka mingi baadaye babu alipoomba uraia. Ziandike kama zilivyo: zinathibitisha kwamba faili la uraia lilifunguliwa, na tarehe inakuonyesha pa kutafutia. Jina lililokatwa kwa mstari mara nyingi ni la aliyekata tiketi asipande. Mtafute kwenye meli za wiki zilizofuata.

Herufi X pembeni kushoto ina maana alizuiliwa. Usiogope, wengi walikaa siku moja mbili wakingoja mume aje au fedha zitumwe kwa simu ya maandishi. Nenda mwisho wa orodha ya meli hiyo hiyo, kuna ukurasa wa waliozuiliwa: sababu, aliyekuja kumchukua na anwani yake, saa ya kuondoka, na idadi ya vifungua kinywa, vyakula vya mchana na vya jioni alivyokula. Aliyeandika aliwaza gharama. Wewe unapata kujua kwamba bibi alikula kisiwani mara saba na aliyemfuata hakuwa mumewe bali kaka yake, ambaye hukuwahi kumsikia.

Kweli ziliungua

Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibiwa na moto Washington Januari 1921, na mabaki yakateketezwa kwa idhini ya serikali miaka ya 1930. Kati ya 1880 na 1900 umebaki na shimo la miaka 20, na kinacholijaza kwa mijini ni saraka za kila mwaka. Majengo ya mbao ya Ellis Island yaliteketea Juni 1897, lakini orodha za abiria za kabla ya hapo zilikuwa zimepitia mikono ya forodha na zimesalia, kwa hiyo moto ule si kisingizio. Orodha za Bremen nyingi hazipo kabisa: za zamani ziliondolewa kwa kukosa nafasi, nyingine zikaangamia kwenye vita. Aliyetokea huko mtafute upande wa kufikia tu. Za San Francisco za kabla ya 1893 ziliangamia kwa moto wa 1851 na wa 1940.

Na familia za Kichina zilizoingilia San Francisco zina jambo lao. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina mpaka ilipofutwa 1943, na moto wa 1906 uliteketeza vyeti vya kuzaliwa vya jiji. Wengi wakaingia kama watoto wa raia kwa karatasi za kununua. Jina lililo kwenye faili ni la karatasi, si la ukoo. Mahojiano yao, yenye maswali hadi idadi ya ngazi za nyumba ya kijijini, yamehifadhiwa kwa kurasa nyingi, ila yasome ukijua kwamba huenda majibu yalikaririwa melini.

Anwani aliyokuwa akienda haina ndugu yeyote

Orodha inasema anakwenda kwa shemeji, namba fulani, mtaa fulani. Unafungua saraka ya mwaka ule, sehemu ya mitaa, na pale kuna duka la vyakula la mtu asiyehusiana nanyi kwa lolote. Anwani yaweza kuwa ya wakala aliyeuza tiketi, ya nyumba ya kupangisha, au ya duka lililopokea barua za kijiji kizima. Neno "shemeji" au "binamu" nalo lilitumika kwa ulegevu, kwa kuwa mkaguzi alitaka kusikia kuna mtu wa kumpokea.

Usiitupe anwani hiyo. Itafute upande wa kulia wa orodha za meli za miaka mitano huku na huku, kwa abiria waliotoka kijiji chake. Wakitokea kumi wanaokwenda duka lile lile, waandike wote kumi na uanze kuwafuata mmoja mmoja kwenye saraka. Mmoja wao ana uwezekano mkubwa wa kuwa ndugu ambaye karatasi ya babu ilikataa kumtaja.